Wachumba wa Lempi na Vibao vyao vya Namba

—ati "Baadaye"! Jamani! Jimbo zima la Washington, watu wazima na ndevu zao, wakakaa kitako watafute neno la kujitangazia duniani, wakaibuka na "Baadaye"! Na mpaka leo hawajalipitisha rasmi, shoga yangu. Watalipitisha lini? Si wameshakwambia!

Utani huo si wangu, ni wa baba, na ndio uliomfukuza mchumba wa kwanza wa dada yangu Lempi. Nakuanzia huko ili ujue leo mchana nilikuwa nimekalia moto gani pale mezani. Maana leo kaletwa wa nne, na mpaka sasa sijui nicheke au nilale chini.

Baba yangu unamjua kwa kumsikia tu. Reino Lahti, miaka thelathini na moja ndani ya kibanda cha ushuru pale Daraja la Mackinac linalounganisha rasi mbili za Michigan, upande wetu huu wa kaskazini. Gari za majimbo yote hamsini zimempita puani. Mwingine angehesabu siku za kustaafu. Yeye akakariri kaulimbiu za majimbo yote, za Kilatini na tafsiri yake, akawa anawatahini madereva. Unampa hela, anakurudishia chenji na swali: "Jimbo lako linasemaje?" Hawajui! Mtu anajua jina la mbwa wa jirani yake, neno la jimbo lake hajui. Kwa hiyo baba anamwambia, na akimwambia anamcheka. Wa California: "Kwenu wanasema 'Nimeipata!' Umepata nini? Funguo?" Wa Tennessee: "'Kilimo na Biashara'. Hiyo si kaulimbiu, mama, hicho ni kibao cha duka la mbolea." Wa New Mexico: "'Hukua kadiri inavyokwenda.' Kama uongo." Foleni nyuma inapiga honi mpaka katikati ya daraja, yeye wala.

Hata mimi sikusalimika. Nilipotoka chuo nilisema mezani kwamba naipenda ile ya Oregon, "Anaruka kwa mbawa zake mwenyewe." Niliona kama shairi. Baba akaacha kijiko. "Kaisa mwanangu, ndege gani anaruka kwa mbawa za kuazima?" Basi Oregon ikafia hapo hapo.

Sasa tatizo ni Lempi. Dada yangu ana miaka thelathini na tatu, anafundisha watoto wa darasa la tatu, anaimba kanisani, mzuri mpaka inaudhi. Lakini ana kicheko chepesi, na anampenda baba kupita kiasi. Akishamcheka mwanamume pamoja na baba, basi, maji yamemwagika. Kesho yake akimtazama yule mtu haoni mchumba, anaona kichekesho. Huyo wa Washington aliahidi pete miaka minne. Baba akasema "Baadaye" mara moja tu, Lempi chai ikamtokea puani, na kabla ya Jumatatu jamaa alikuwa ameachwa. Akaja wa Texas, kofia kubwa kama sinia. Baba akamwambia Lempi, jamaa mwenyewe akiwa anasikia: "Mwanangu, huyu kwao wamemwandikia kabisa. Kaulimbiu yao neno moja, 'Urafiki'. Usije ukasema hukuonywa." Akaja wa Indiana, mtaratibu, mpole, meno mazuri. "'Njia Panda ya Amerika'," baba akasema. "Njia panda mtu hupita. Nani umemsikia kajenga njia panda?" Na yule bwana wa watu, badala ya kunyamaza, akaanza kuitetea! Akataja barabara kuu, akataja reli, akataja na malori. Lempi alikimbilia chooni kwenda kuchekea huko. Tulimsikia wote, na yeye pia.

Na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuingia sauna ya baba, kile kibanda chake cha kuogea mvuke. Hilo ulishike. Sisi Wafini wa huku, tuliotokea Finland, mtu hajawa wa nyumbani mpaka akalishwe mvuke siku ya Jumamosi. Chakula tunampa hata mgeni aliyepotea njia. Sauna hapana. Na juu ya mlango wa sauna yetu, ile ya magogo nyuma ya nyumba, baba alipachika, yapata miaka ishirini na sita sasa, ubao alioandika mwenyewe kwa chuma cha moto, kaulimbiu yetu ya Michigan: "Ukitafuta rasi ya kupendeza, tazama pande zako zote." Kwake yeye hiyo ndiyo mfalme wa zote hamsini. Ile ya Kansas anaiheshimu kidogo, "Kwa tabu hadi kwenye nyota," ila anasema Kansas ni tambarare kama meza, tabu wanaitoa wapi? Yetu haina kasoro. "Haiombi, haijisifu, haitishi mtu," anasema. "Inakwambia geuza shingo, uone."

Haya, leo asubuhi jikoni. Mama anakunja pasti zake, zile za nyama na viazi, mimi namenya, Lempi kasimama katikati hana hata kazi mkononi.

"Kaisa," ananiambia, "nikianza kucheka nikanyage."

"Kwa kiatu gani?"

"Vaa buti."

"Lempi, buti ndani ya nyumba?"

"Vaa! Huyu nikimcheka nimekwisha. Nakwambia huyu simpati tena."

Nikamtazama, na macho yalikuwa na maji kweli. Nikaacha utani. Huyo wa nne, Emmett Thibault, ni fundi wa vinanda vikubwa vya makanisani. Alikuja mwezi wa kumi kutengeneza cha kwetu, kazi ya siku sita, akakaa wiki tano. Kila mrija aliuondoa akaupuliza kana kwamba una homa. Mchungaji akaanza kuuliza kulikoni, mpaka alipogundua kwamba ufa wenyewe uko upande wa waimbaji.

"Kwao wapi?" mama akauliza, ingawa alikuwa anajua.

"New Hampshire."

Mama akaweka chini kijiti cha kusukumia unga. "Mungu wangu."

Maana New Hampshire, shoga yangu, ndio karamu ya baba. Majimbo mengine kaulimbiu wanaificha ndani ya mihuri huko. Hawa wameipiga kwenye kibao cha namba cha kila gari, mpaka la kubeba mbwa: "Ishi Huru ama Ufe." Baba akiiona pale darajani alikuwa anatoka kibandani kabisa, anaegemea dirisha la mtu.

"Ila nyie mnasema New Hampshire," mama akasema, "mbovu kuliko zote ni ya kwetu, na baba yenu anajua kwa nini haitaji humu ndani." Mama kwao Maryland. Kule wanasema "Matendo ya kiume, maneno ya kike." Baba aliitania mara moja, wiki ya fungate. Hajarudia. "Aliyeandika vile," mama anasema kila mwaka, "hajamwona mwanamume wa Maryland akipata mafua."

Saa saba pikapu ikakata kona. Theluji bado iko magotini huku, gari linakuja polepole, na baba yuko dirishani na darubini. Darubini! Ya kuwindia! Akasoma kile kibao cha mbele kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya vyakula hotelini.

"'Ishi... Huru... ama Ufe.' Marlys! Weka chakula mezani."

"Reino," mama akasema, "muache kijana ale kwanza."

"Nani kamzuia?"

Emmett akaingia. Mrefu, masikio mekundu kwa baridi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, soksi moja ina kidole nje. Akampa mama chupa ya asali ya utomvu wa miti ya kwao. Baba akaichukua mkononi mwa mama, akaiinua kwenye mwanga.

"Tunayo yetu," akasema.

"Najua, mzee. Nimeleta ya kulinganishia."

Nikasema moyoni, eh, huyu ana mdomo. Lakini wa Texas naye alikuwa nao.

Tukaketi. Lempi katikati yangu na Emmett, mimi buti langu tayari juu ya mguu wake. Baba akasali kwa Kifini, fupi, akakata pasti yake katikati, mvuke ukatoka, akaanza.

"Emmett. Hicho kibao cha gari lako. Umekinunua au ulilazimishwa?"

"Nililazimishwa, mzee. Sheria."

"Alaa! Sheria. Kwa hiyo mnalazimishwa kutangaza kwamba mko huru."

Mguu wa Lempi ukaruka. Nikakanyaga.

"Na kuna bwana mmoja huko kwenu," baba akaendelea, sauti ya upole, ile mbaya, "aliyaziba hayo maneno kwenye gari lake. Alisema yeye anapenda kuishi tu, hilo la kufa hapana. Wakamfanyaje?"

"Walimfunga," Emmett akasema.

"Walimfunga! Jela! Kwa kuziba neno 'huru'!" Baba akapiga meza kwa kiganja, na bega la Lempi likaanza kutikisika. Nikakanyaga mpaka nikasikia kidole kinasogea. "Sasa wewe fundi wa vinanda, niambie la mwisho. Hivyo vibao, hivyo vya 'Ishi Huru', vinatengenezwa na nani?"

Hapo ndipo, shoga. Hiyo ndiyo ngumi yake ya mwisho, naijua tangu niko mdogo. Lempi alikuwa kaufumba mdomo kwa leso, machozi yanamtoka, na si ya kulia. Nikasema basi, amekwenda, tumempoteza na huyu. Naye Emmett anamwona! Anamwona vizuri, yuko sentimita thelathini!

Akameza pasti yake kwanza. "Wafungwa," akasema. "Mama yangu alikuwa askari jela kwenye karakana hiyo hiyo. Alikuwa anarudi nyumbani jioni na vumbi la bati kwenye nywele. Huo utani, mzee, wameuanzisha wafungwa wenyewe kabla sijazaliwa. Samahani, lakini umeuziwa mtumba."

Mama akatazama sahani yake kwa makini sana.

"Mtumba," baba akasema.

"Umechakaa kabisa viwikoni. Sisi tunao mbaya kuliko huo. Mimi nimefikiri sana kuhusu ile kaulimbiu na naona tatizo ni uvivu. 'Ishi huru ama ufe.' Mtu anakupa mambo mawili ya kuchagua, na yote mawili hayamgharimu yeye kitu. Ni maneno ya mtu anayekuuzia fataki."

Baba hajawahi kukutana na hili. Wote wale watatu walitetea za kwao! Wa Texas alitoa na hotuba. Huyu anamnyang'anya baba rungu, anajipiga mwenyewe, na anapiga vizuri zaidi. Nikaona baba anatafuta pa kushika. Akashika pale anaposhikaga siku zote.

"Ndiyo maana mtu mwenye akili anakaa Michigan," akasema, akaelekeza uma dirishani, kwenye sauna, kwenye ule ubao wake. "Soma pale. Tangu umezaliwa umewahi kusikia kitu kama kile? Haitishi mtu, hai—"

"Nzuri sana," Emmett akasema. "Ila inasifu kwa nani?"

"Inasifu hapa. Hapa!"

"Mzee, Lempi aliniambia mna jina la wale wa upande wa kusini wa daraja. Mnawaitaje?"

"Mazimwi," baba akasema kwa raha. "Wanakaa chini ya daraja, kama wale wa kwenye hadithi. Mazimwi."

"Basi ndio wanaosifiwa." Alisema taratibu, hakufurahia, hilo nampa. "Nilikaa wiki mbili na vitabu, mzee. Wengine wanasomea mtihani wa udereva, mimi nilikusomea wewe. Yale maneno yaliandikwa mwaka 1835. Wakati huo Michigan ilikuwa na ile rasi ya kusini tu. Upande huu wenu haukuwemo. Waligombania mji wa Toledo na watu wa Ohio, wakashindwa, ndipo baadaye wakapewa huku kama kifuta machozi. Na walinuna."

Baba akacheka. Kicheko cha kibandani, cha chenji. Halafu akanigeukia mimi. Mimi!

"Kaisa. Nimekusomesha historia miaka minne. Mwambie huyu."

Shoga yangu. Nilikuwa najua. Tangu mwaka wa pili nilikuwa najua! Profesa alisema darasani nikaandika kwenye daftari nikapiga mstari chini, nikafunga daftari. Ungeweza wewe? Ungekuja nyumbani sikukuu, mzee wa watu kasimama chini ya ubao wake kifua wazi, mvuke unamtoka kichwani, umwambie ubao huo unawaimbia mazimwi? Nikaangalia buti langu.

"Ni kweli, baba."

"Kweli nini?"

"Hatukuwemo. Tuliongezwa baadaye."

Sasa hilo neno lilinitoka tu, wala sikulipanga. Baadaye. Nikamsikia Lempi anavuta pumzi. Buti langu lilikuwa juu ya mguu wake na nikalikandamiza kwa uzito wangu wote, halikusaidia kitu. Akacheka. Mama yangu wee, alicheka! Alicheka mpaka kichwa kikaangukia begani kwa Emmett, akapiga meza kwa kiganja, vile vile anavyopiga baba, anajaribu kusema "mazimwi" halimtoki, "ma— ma—", na Emmett kakaa wima na masikio yake mekundu, hacheki, anaogopa hata kupumua.

Na baba anamtazama Lempi. Siku zote kicheko kile kimekuwa upande wake wa meza. Leo kiko upande wa pili, kimemwegemea mtu mwingine, na anayechekwa ni yeye. Alikijua. Niliona anakijua. Aliweka uma chini, akanyanyuka, akavaa buti zake na koti, akatoka nje.

Lempi kicheko kikakatika. "Baba!"

"Mwache," mama akasema.

"Mama, nimefanya nini?"

"Umecheka. Na vizuri, kuna watu humu wamekuwa wakichekea chooni." Akamwongezea Emmett pasti. "Kula. Miaka thelathini na moja amekaa kwenye kibanda anasimamisha magari. Anadhani binti zake nao wako kwenye foleni ile ile."

Tukasikia shoka. Moja, mbili, tatu. Lempi kashika mkono wa Emmett mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Mimi nikaenda dirishani, darubini si iko pale? Nikatazama juu ya mlango wa sauna. Matundu manne ya misumari, na ubao haupo.

Mlango ukafunguka, baba akaingia na theluji mpaka magotini. Kwapani vipande vya ubao, nilisoma kimoja, "...kupendeza, taza...". Akasimama. Akamtazama Emmett kuanzia kidole cha soksi kwenda juu.

"Mazimwi," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Miaka ishirini na sita nimewatangazia bure."

Aliyethubutu kumjibu? Mama tu. "Reino, maneno umeshasema ya kutosha. Matendo je?"

Yaani alimtajia Maryland! Ndani ya nyumba! Baba aligeuka akamwangalia, mdomo ukamcheza pembeni, akauzuia.

"Jiko la sauna lina njaa," akamwambia Emmett. "Huu ni mwerezi mkavu, utashika haraka. Umekuja na taulo?"

Emmett hakuwa nalo. Angejuaje? Lempi alipanda ngazi akashuka na mataulo matatu, moja langu, hata sikugomba.

Wamo humo saa nzima sasa. Nakuandikia nikiwa dirishani juu, moshi unatoka mweupe, ile rasi ya kupendeza inaungua vizuri kuliko ilivyowahi kusomeka. Mara moja wametoka mbio wakajibwaga kwenye theluji, wekundu wote wawili kama kamba wa kuchemsha, na baba anapiga kelele kitu gani sijui kuhusu Ohio. Wakarudi ndani. Lempi yuko kwenye ngazi za nyuma, kakumbatia magoti, kidole gumba cha mguu kimevimba kwa sababu ya buti langu na hataki barafu. Emmett kapita hapa sasa hivi kuchota maji, nikamrushia swali kupitia dirishani, nikamuuliza baba kasema nini humo ndani kuhusu harusi, na watakaa upande gani wa nchi. Akaweka kidole mdomoni. Akasema atanieleza kesho baada ya ibada, akiwa anakagua ndani ya kile kinanda, ambako baba hasikii. Nitakaa kiti cha mbele kabisa, na kabla mishumaa haijapoa utakuwa umeshapata kila neno.